Kipimo cha vumbi laini Mikindani hupanda alfajiri: ni moshi, au ni unyevu wa bahari?

Mwalimu wa Mikindani anauliza:

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili huku Mikindani, Mombasa. Pamoja na wanafunzi wa chama cha sayansi tumeunda kifaa cha kupima vumbi laini la hewani, lile liitwalo PM2.5, yaani chembe ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5 na ambazo, kwa udogo wake, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ndani ya kifaa mna kihisi cha leza aina ya Plantower PMS5003, kihisi cha BME280 kinachopima joto na unyevu, na kidhibiti cha ESP32 kinachotuma vipimo kwenye seva kwa waifai ya shule. Tumekifunga nje ya maabara, chini ya upenu, upande unaotazama barabara kuu ya Nairobi.

Jambo linalonitatiza ni hili. Mchana, wakati matrela yanapopishana barabarani na vumbi linaonekana kwa macho, kipimo hukaa kwenye mikrogramu 20 hivi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Usiku hutulia, kisha kuanzia saa tisa hadi karibu na saa kumi na mbili asubuhi, wakati barabara ni nyeupe na watu wamelala, hupanda hadi 60 na pengine kupita hapo. Jua likikolea, hushuka tena. Mtindo huu hujirudia takriban kila siku.

Grafu hiyo imewafikia wazazi, nao wamekwisha kuifasiri: wanasema viko viwanda vinavyofungulia moshi usiku ili visionekane, na wanataka tuipeleke kwa mwakilishi wadi. Huenda wana haki. Sitaki kuwavunja moyo, lakini pia sitaki kusimama mbele ya watu nikiwa na nambari nisiyoweza kuitetea.

Naomba msaada katika mambo mawili. Je, mpando huo wa alfajiri ni uchafu wa kweli, au ni kifaa kinachodanganywa na kitu kingine? Na kwa kuwa tuna fedha za kuunda vifaa vingine vitatu, tuviweke wapi, na tuviunganishe kwa njia gani huko kusiko na waifai, ili tupate jibu badala ya kupata nambari nyingi zaidi tu?

Fundi wa Mwembe Tayari anajibu:

Wa alaykum salaam, mwalimu. Shaka yako ina msingi, na ni afadhali uliiuliza kabla ya grafu kufika mbali.

PMS5003 haipimi uzito wa vumbi hata kidogo. Feni yake huvuta hewa, leza humulika chembe zinazopita, na kipokea mwanga husoma mwanga unaotawanywa na chembe hizo. Baada ya hapo programu iliyomo ndani ya kihisi hukisia uzito kwa kudhani kwamba chembe ni kavu na ni za aina fulani. Dhana hiyo huenda ikafaa mahali pakavu. Hapa kwetu hewa ina chumvi ya bahari, na chembe ya chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, hunywa maji na kugeuka kuwa tone. Tone ni kubwa kuliko chembe kavu, hutawanya mwanga mwingi zaidi, na kihisi huyahesabu maji hayo kana kwamba ni vumbi. Alfajiri ya Mombasa unyevu hupita asilimia 80 kwa urahisi. Jua likipanda, hewa hukauka na matone husinyaa. Umbo la grafu yako ndilo hilo hilo.

Chora grafu ya pili, unyevu ukiwa kwenye mhimili wa chini na PM2.5 kwenye mhimili wa wima. Ukiona nukta zimelala chini mpaka asilimia 75 au 80 kisha zikapinda kwenda juu kwa ghafla, basi sehemu kubwa ya mpando wako ni maji. Hata hivyo, angalia BME280 imekaa wapi. Ikiwa imebanwa ubavuni mwa ESP32, joto la kidhibiti litaifanya isome unyevu ulio chini ya ule wa nje, nawe utaona mpindo mahali pasipo pake. Itoe kwenye sanduku, uifunike dhidi ya mvua na jua.

Kuhusu sanduku lenyewe, chumvi haina huruma. Niliwahi kufungua kifaa kilichokuwa ukutani karibu na kivuko cha Likoni, ambacho mwenyewe alilalamika kwamba “kimekuwa kipole”: pini za kiunganishi zilikuwa zimeota kutu ya kijani, buibui alikuwa ametanda kwenye mdomo wa feni, na kwenye kona mjusi kafiri alikuwa ametaga mayai mawili meupe yaliyogandia kwenye ubao wa saketi. Mdomo wa kuvutia hewa uelekee chini, uwekewe wavu laini usioshika kutu, na ubao wa kidhibiti upakwe vanishi ya saketi. Kihisi chenyewe usikipake chochote. Wala usifunge sanduku lisipitishe hewa kwa kuogopa mvua, maana hapo utakuwa unapima hewa ya sanduku.

Nyongeza kwa wengine watakaosoma: wapo wanaonunua Nova SDS011, kihisi kingine cha vumbi, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kupitia mtandao wa raia wa Sensor.Community, ulioanzia Stuttgart, Ujerumani. Mtengenezaji wake anataja unyevu wa juu wa asilimia 70 na maisha ya leza ya saa 8,000, muda usiofika mwaka ikiachwa kuwaka mchana na usiku. Ndiyo maana programu ya mtandao huo huiamsha kwa muda mfupi tu kila baada ya dakika mbili na nusu hivi. Kwa pwani yetu, mimi siipendekezi.

Mkazi wa Kizingo anajibu:

Kabla ya unyevu na chumvi, mwalimu ahakikishe saa. Seva nyingi huandika muda kwa saa za UTC, yaani saa sanifu ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Ikiwa grafu inaonyesha saa tisa usiku kwa muda wa UTC, basi kwa hakika ni saa kumi na mbili asubuhi, wakati matatu zimejaa barabarani na kila nyumba imewasha jiko. Nimeona watu wakibishana wiki nzima juu ya moshi wa usiku ambao ulikuwa moshi wa chai.

Mwalimu wa Mikindani:

Nashukuru kwa angalizo. Saa tumeihakiki: mwanafunzi mmoja alifukiza udi chini ya kifaa saa kumi jioni baada ya vipindi, na grafu ikaruka saa kumi jioni ile ile. Mpando wa alfajiri ni wa alfajiri kweli.

Nimechora pia grafu ya unyevu kama alivyoelekeza fundi. Nukta zinapinda kama alivyosema, lakini hazikai kwenye mstari mmoja. Zipo alfajiri mbili zenye unyevu uliolingana kabisa, moja ikiwa na 35 na nyingine ikikaribia 70. Ikiwa ni maji peke yake, kwa nini zitofautiane hivyo?

Karani wa Bandarini anajibu:

Hilo, mwalimu, uliulize upepo.

Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda na kuchanganyika, na upepo wa bahari hufagia mji. Usiku nchi kavu hupoa kabla ya bahari. Upepo wa juu husinzia, na umande, ule upepo wa bara ambao wavuvi hutoka nao kabla ya jua, huanza kuteremka taratibu kuelekea baharini. Hewa iliyo karibu na ardhi hulala mahali pake kama blanketi. Moshi wa taka zilizochomwa jioni, wa mkaa, na wa injini za matrela yanayosubiri zamu huku yakinguruma hukusanyika humo, na hauendi popote mpaka jua litoke. Barabara kuwa nyeupe saa kumi alfajiri hakuna maana kwamba hewa yake imekuwa safi tangu saa nne.

Halafu kuna misimu. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini mashariki hukuleteeni hewa iliyokwisha kupita juu ya bandari, Shimanzi na Changamwe. Wakati wa kaskazi upepo huja kutoka upande wa hori la Tudor, na ni hewa nyingine kabisa. Kifaa kile kile ukutani pale pale kinapima mitaa miwili tofauti kwa mwaka, na mtu asiyeandika upepo atadhani kwamba kuna aliyefanya usafi.

Msisahau meli. Meli ikiwa gatini haizimi kila kitu, kwa sababu injini saidizi huendelea kuipa umeme. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, na hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, dizeli ya magari nchini ilishushwa mwaka 2015 hadi sehemu 50 katika milioni, kwa hiyo mafuta ya meli yanaruhusiwa kuwa na salfa mara 100 ya ile ya trela lililo mbele yako. Sisemi kwamba mpando wako ni wa meli. Nasema tusiwahi kuutupia bahari na chumvi yake kila kitu.

Mama Mazingira wa Kisauni anajibu:

Fundi na karani wote wana haki, na kwa sababu hiyo hiyo kifaa kimoja hakiwezi kuamua baina yao. Mpando wa unyevu na mpando wa hewa iliyolala huja saa ile ile, kwa sababu vyote viwili hutokana na kupoa kwa usiku. Ukiwa na ukuta mmoja tu wa kutazamia, utatwanga maji kwenye kinu.

Mtakutana na watu watakaokwambieni kwamba tatizo lilikwisha tatuliwa kwa kanuni ya masahihisho. Inayojulikana zaidi ni ile ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani kwa ajili ya vifaa vya PurpleAir, ambavyo navyo hutumia vihisi vya Plantower: chukua kipimo, zidisha kwa 0.524, toa unyevu uliozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Tuijaribu kwa nambari zako. Alfajiri yenye kipimo cha 60 na unyevu wa asilimia 90 inakuwa 29 na nusu hivi. Mchana wenye kipimo cha 20 na unyevu wa asilimia 65 unakuwa karibu 11. Nambari zimepungua takriban kwa nusu, lakini alfajiri imebaki karibu mara tatu ya mchana vile vile. Kanuni hiyo ilijengwa kwa vipimo vya Marekani, nayo humkata kila mtu kiasi kile kile kwa kila asilimia ya unyevu. Haijui kwamba chumvi yetu hulipuka kwa maji ikipita asilimia 75. Itumieni kama ukumbusho kwamba nambari ghafi pengine ni kubwa mno, wala msiichukue kama hukumu. Na angalieni kwamba Plantower hutoa safu mbili za PM2.5, moja kwa “chembe sanifu” na nyingine kwa “hewa ya kawaida”. Kanuni hiyo ni ya safu ya kwanza.

Njia iliyo madhubuti ni kuweka kifaa bega kwa bega na mashine rejea kwa muda, kisha kujifunza tofauti yake hapa hapa, katika chumvi hii hii. Mashine rejea iliyozoeleka hukusanya vumbi kwenye utepe wa kichujio na kupima jinsi miale ya beta inavyodhoofika ikipita katika utepe huo, na mdomo wake hupashwa joto ili maji yakauke kabla ya kupimwa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umefanya hivyo kule Kampala, na vifaa vyake vya bei nafuu husahihishwa kutokana na ulinganisho wa namna hiyo. Lakini Kampala haina bahari, kwa hiyo masahihisho ya Kampala nayo hayasafirishwi kwa basi mpaka Mombasa. Mkipata chuo chochote chenye mashine hiyo au hata pampu ya vichujio vinavyopimwa kwa mizani, ombeni nafasi ya kuweka kifaa chenu hapo, na msiridhike na siku chache. Muwe na kaskazi na kusi zote mbili ndani ya vipimo.

Mpaka mpate hiyo, tumieni tofauti. Vifaa vyote vinne vikae kwanza kwenye ukuta mmoja wa shule ili mjue kipi husoma juu na kipi husoma chini. Kisha kimoja kibaki daima ubavuni mwa kile cha kwanza, maana viwili vilivyokaa pamoja vikianza kuachana, mnajua kwamba kimoja kimeugua. Kingine kipelekwe Nyali, karibu na ufuo, ambako chumvi na unyevu havipungui vya kwenu bali matrela ni machache. Cha nne kiwekwe Changamwe, ambako hewa ya kusi hupita kabla ya kuwafikia. Ikiwa alfajiri ya Nyali inapanda sawa na ya Mikindani, lawama ni ya maji. Ikiwa Nyali inapanda kidogo na nyinyi mnapanda sana, hiyo ziada ndiyo ya kuulizia. Tazameni hasa zile alfajiri ambazo kusi haikulala, kwa sababu umande ukivuma utawapelekea watu wa Nyali sehemu ya hewa ya kwenu na kuchafua ulinganisho. Kila kifaa kiwe juu ya kimo cha mtu, mita mbili hadi nne hivi, mbali na jiko, kipoza hewa na mti ulioinamia ukuta.

Nina onyo jingine ambalo naona limepitwa, na kwangu ni zito kuliko la alfajiri. Mwalimu amesema kwamba mchana vumbi linaonekana kwa macho na kipimo kinakaa kwenye 20. Hilo halinishangazi. Vumbi linaloonekana, la barabara ya murramu, la saruji, la mchanga wa malori ya ujenzi, kwa sehemu kubwa ni vumbi nene, na vihisi vya aina hii havilioni vizuri. Safu yao ya PM10, yaani ya chembe zisizozidi mikromita 10, haifai kutegemewa. Kwa hiyo kifaa chenu huenda kinazidisha alfajiri na kupunguza mchana kwa wakati mmoja. Mzazi mwenye mtoto wa pumu anayepumua vumbi la saa nane mchana asiambiwe kwamba hewa ni nzuri kwa sababu grafu iko chini.

Kuhusu mipaka: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka kwa PM2.5 mikrogramu 15 kwa wastani wa saa 24, kiwango ambacho hakitarajiwi kupitwa zaidi ya siku tatu au nne kwa mwaka, na mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka mzima. Saa tatu za alfajiri zenye 60 hazilinganishwi na 15 hiyo. Linganisheni siku nzima na siku, mwaka na mwaka. Wala msichanganye mikrogramu na ile faharasa ya rangi ya ubora wa hewa (AQI) inayoonekana kwenye programu za simu, ambayo kwa kawaida ni ya Marekani. 100 ya faharasa ni mikrogramu 35 hivi, na nimeona watu wazima wakitishana kwa kusoma moja kana kwamba ni nyingine.

Mwisho, kihisi hiki hakijui vumbi ni la nini. Kijiji cha Owino Uhuru hakiko mbali na kwenu, na wakazi wake waliathiriwa na madini ya risasi yaliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Julai 2020. Kifaa chenu kingekuwa ukutani pale, kingeona chembe tu. Risasi hupatikana kwa kichujio kilichopelekwa maabara, kwa udongo na kwa vipimo vya damu. Wazazi wakishuku sumu fulani, wasiambiwe kwamba leza imeitafuta na haikuiona.

Fundi wa Mwembe Tayari:

Nakubaliana na mama kwa sehemu kubwa, ila kuna njia ya kuona maji kwa macho bila kungoja mashine rejea. Katika vile vifaa viwili vitakavyokaa pamoja shuleni, kimoja kiwekewe mrija mfupi wa chuma mdomoni, uzungushiwe waya wa kupasha, joto lipande kiasi tu cha kushusha unyevu chini ya asilimia 60 au hapo. Kimoja kitapima hewa mbichi na kingine hewa iliyokaushwa. Tofauti yao ni maji. Mrija usichemshwe, maana sehemu ya vumbi lenyewe huvukizwa na joto, kisha utajidanganya kwa upande wa pili.

Kuhusu mawasiliano, pasipo na waifai tumieni laini ya simu. Kipimo kimoja ni maandishi machache sana, na bando dogo la mwezi linatosha ikiwa mtatuma wastani wa dakika tano badala ya kila sekunde. LoRaWAN, mtandao wa redio wa masafa marefu, hufika kilomita kadhaa kwa umeme kidogo sana, na shule iliyoko mahali pa juu ingefaa kuwa na kipokezi, lakini kwa vifaa vinne ni gharama isiyo na sababu, na vifaa vya redio vinahitaji kuwa na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lililo muhimu zaidi ni kadi ya kumbukumbu ndani ya kila kifaa. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyingi mtandao huchelewa kurudi, na vipimo visivyohifadhiwa vitapotea. Saa iliyopata chini ya robo tatu ya vipimo vyake isihesabiwe.

Mama Mazingira wa Kisauni:

Mrija nimeukubali, kwa sharti kwamba vifaa vibadilishane mrija huo baada ya muda, ili tusidhani kwamba ni maji kumbe ni tofauti ya vihisi.

Mwalimu wa Mikindani:

Nashukuru sana, hili la mrija wanafunzi wamelipenda kuliko yote. Sasa nimebaki na wazazi. Wapo wanaosema kwamba tukingoja kaskazi na kusi, tutangoja mpaka watoto wamalize shule. Je, kuna ubaya gani kuweka vipimo hadharani sasa hivi, na sheria inatutaka tuwe na nini mkononi?

Wakili wa Tudor anajibu:

Mwalimu, sheria si ngumu kama wazazi wanavyoiogopa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuhusu haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu mwaka 2014, na anayezisimamia ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Aidha, kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo hamhitaji kuleta ushahidi uliokamilika ili msikilizwe. Andikeni barua mkiomba vipimo vya hewa vilivyokwisha kufanywa katika eneo lenu, na mwombe afisa aje apime kwa mashine yake. Grafu yenu ni sababu ya kuomba. Msiifanye hukumu.

Kuweka vipimo hadharani mimi ninaunga mkono, tofauti na wanaotaka vifichwe mpaka vikamilike. Nambari zilizofichwa huzaa uvumi, na mmekwisha kuuona. Lakini ziwekwe zile ghafi na zile zilizosahihishwa, kila moja kwenye safu yake, unyevu ukiwa kando, na kanuni ya masahihisho iandikwe wazi. Ghafi zisifutwe kamwe, hata siku mtakapopata kanuni bora, kwa sababu atakayekuja kuwapinga atauliza kwanza kama mlichezea nambari. Jina la kiwanda chochote lisitajwe popote penye grafu. Kifaa kinasema hewa ya ukuta huu ilikuwaje; hakisemi ilitoka kwa nani, na anayejaza pengo hilo kwa jina la mtu atajibu kesi ya kashfa yeye binafsi, pengine na shule pamoja naye.

Mwalimu wa Mikindani:

Nimeelewa. Barua nitaiandika pamoja na wazazi wiki hii, nasi tutaomba vipimo na ukaguzi badala ya kulaumu. Vifaa vitakaa pamoja ukutani kwanza, viwili vibaki shuleni, kimoja kikiwa na mrija wa fundi. Changamwe nina mwalimu mwenzangu mwenye nyumba ya ghorofa. Nyali sina mtu. Je, kuna anayeweza kutupa ukuta na soketi, karibu na ufuo, mahali pasipo na jiko la mkaa?

Mkazi wa Nyali anajibu:

Ukuta ninao, mwalimu, na soketi ipo nje chini ya upenu, upande wa bahari. Jiko la mkaa liko nyuma ya nyumba na hutumika Ijumaa na siku za wageni. Nitawaandikia saa zake ili mziondoe kwenye hesabu. Swali langu ni moja tu: feni ya kifaa hicho ina kelele kiasi gani? Dirisha lililo karibu na soketi hiyo ni la chumba cha mama, naye usingizi wake ni mwepesi.

Fundi wa Mwembe Tayari:

Feni yake ni ndogo kuliko kidole gumba. Mama hataisikia mpaka aitegee sikio. Taa ya buluu ya kidhibiti ndiyo itakayomsumbua, kwa hiyo mwalimu aizime kwenye programu au aibandike utepe mweusi kabla ya kuleta kifaa.